Lenzi ya praimu ya bei nafuu kwa picha kali za sura: 35mm, 50mm au 85mm?

BintiSeremala

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela yangu.

Baba yangu ni seremala. Ana miaka 74 na bado anaingia karakanani kila asubuhi, anavaa miwani, anachomeka penseli sikioni, kazi inaanza. Tangu mwaka jana nimekuwa nampiga picha akiwa kazini, kwa sababu nimeona mikono yake imeanza kutetemeka na sitaki siku ije nijute. Ninachotafuta ni sura yake. Nataka mtu akiitazama picha aone kope, aone mistari ya pembeni mwa macho, aone mvi za kidevu moja moja. Ninachopata ni ndevu kama unga uliomwagika, na macho ambayo nikiyakuza kwenye kompyuta hayana ncha.

Kamera ni Nikon D3500, lenzi ni ile ile iliyokuja nayo, 18-55mm f/3.5-5.6 yenye VR, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono. Karibu picha zote nazipiga nikiwa nimevuta mpaka 55mm. Jana nilikaa nikasoma taarifa za picha ishirini za mwisho: tundu la lenzi f/5.6 (namba ikipungua, tundu linapanuka), shata 1/50 au 1/60 ya sekunde, ISO 3200 (nguvu ambayo kamera inaongeza kwenye mwanga). Karakana ina dirisha moja tu, kushoto kwa meza yake. Kutoka kwenye meza hadi ukuta ninaouegemea ni mita mbili na nusu, na nyuma ya ukuta ndiyo basi.

Kila ninaposoma naambiwa lenzi ya praimu, yaani isiyo na zumu, ni kali kuliko hii yangu. Nimeweka majina matatu kwenye karatasi: AF-S DX 35mm f/1.8G, AF-S 50mm f/1.8G na AF-S 85mm f/1.8G. Hiyo ya mwisho itanibidi nijibane miezi kadhaa. Kisha kuna mtu ana 50mm f/1.8D iliyotumika, anaiachia kwa bei ya chini sana kuliko ile ya G, na anasema kioo ni kizuri tu.

Nichukue ipi? Na je, kweli itanipa kope za baba?

Fokasi_Kwanza

Dada, chukua 50mm f/1.8G. Ina gramu 185, utaisahau shingoni. Mimi niliinunua miaka sita iliyopita na picha za watu wote wa nyumbani nimepiga nayo. Usiumize kichwa.

LenziZaKale

Hapo kwenye 50mm f/1.8D simama kwanza, kabla mtu hajachukua hela yako.

Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF tupu, bila S wala P mbele yake, hazina mota ndani. Zinategemea mota iliyo kwenye kamera, inayozungusha bisibisi kidogo pale shingoni pa lenzi. D3500 haina mota hiyo, na ndugu zake wote wa D3000 na D5000 hawana. Maana yake ukiifunga itapima mwanga, itapiga picha, lakini haitajifokasi yenyewe. Utazungusha pete kwa mkono huku ukingojea kinukta cha kijani, kinachosema fokasi imekaa, kwenye kitundu cha kuchungulia. Na lazima ile pete ya tundu uifunge kwenye f/22 uiachie hapo, la sivyo kamera itakuonyesha kosa na kugoma.

Mimi napenda sana kufokasi kwa mkono, ndiyo maana jina langu ni hili. Nina Helios 44-2 ya 58mm f/2 na sura nilizopiga nayo nazipenda kuliko nyingine zote. Lakini nampiga mtu aliyekaa, anayeningoja. Mzee anayesukuma randa hatakungoja. Kitundu cha D3500 ni kidogo, na kwenye f/1.8 kinukta cha kijani kitawaka wakati fokasi iko kwenye nyusi. Kioo cha hiyo D ni kizuri kweli, muuzaji hajakudanganya. Ila hakifai kamera yako kwa kazi hii.

MzeeKivuli

Binti, salamu zangu zimfikie mzee wako.

Nimepiga picha za sura tangu enzi za filamu, na swali lako nimeulizwa mara nyingi kwa maneno mengine. Naomba univumilie, kwa sababu nitaanza mbali na lenzi.

Picha isiyo kali ina magonjwa manne, na kila moja lina alama zake. La kwanza, mkono wako umetikisika: kila kitu kwenye picha kimevutika upande mmoja, hata ukuta. La pili, unayempiga amesogea: ukuta na meza ni vikali, yeye ndiye amefifia. La tatu, fokasi imekosea mahali: macho ni laini lakini sikio au kola ya shati ni kali. La nne, kioo chenyewe ni dhaifu: hakuna kilicho kikali popote, hata kamera ikiwa juu ya tripodi na mbele yake kuna kitu kisichosogea. Ukinunua lenzi mpya bila kujua unaumwa lipi, unakunywa dawa ya tumbo na kinachouma ni jino.

Fungua hizo picha ishirini. Usiangalie uso wa baba kwanza. Tafuta kitu kilicho umbali sawa na uso wake: jiliwa ya mezani, mpini wa patasi, kona ya ubao. Kikuze. Halafu uniambie ni kikali au siyo.

Nina ninachokidhania. 1/50 kwa mtu anayepiga randa ni polepole mno. VR ya lenzi yako inatuliza mkono wako wewe. Baba yako haiwezi kumtuliza. Kichwa cha seremala kinakwenda na randa, mbele na nyuma, na kwa muda wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde kope zinatembea za kutosha kufutika. Ikiwa ndivyo, basi kasoro ya lenzi yako ni kwamba haiingizi mwanga wa kutosha, na kamera inalazimika kukaa na jicho wazi muda mrefu.

Hapa ndipo praimu ya bei nafuu inapostahili hela yake, na watu wengi hawakuelezi hivi. Wanasema ni kali. Ni kali, sawa. Lakini kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Hiyo mara kumi ndiyo unayokwenda kuinunua, kwa sababu unaweza kuibadilisha iwe kasi ya shata. Kope utazipata kwa kasi kwanza, kioo baadaye.

Fanya jaribio hili kesho. Weka kamera juu ya kitu kisichoyumba, zima VR, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiiguse, piga ubao wenye maandishi ya penseli kwa f/5.6 na 1/50. Kisha piga ubao huo huo ukiwa umeshika kamera mkononi, VR ikiwa imewashwa. Kisha baba akiwa amekaa kimya. Kisha baba akiwa kazini, 1/200, uiache ISO ipande inakotaka kupanda. Picha nne. Uje utuambie.

Nuru_ya_Upande

Nakubaliana na mzee hapo juu kuhusu jaribio, ila nina neno kuhusu 35mm kwa sababu naona itasahaulika.

Karakana ya mita mbili na nusu ni ndogo. Ukitoa mwili wako na kamera, unabaki na kama mita mbili kutoka kioo hadi uso wa baba. Kwa sensa ya D3500, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ukisimamisha kamera wima, 50mm kwenye mita mbili inakupa fremu yenye urefu wa sentimita 94 hivi, kutoka utosini hadi karibu na kiuno. 85mm inakupa sentimita 55, kichwa na mabega basi. 35mm inakupa mita 1.3, hapo meza imo, randa imo, mikono imo. Seremala bila mikono yake mimi naona nusu ya mtu.

Na bei yake ni rafiki, na inafokasi hadi sentimita 30.

Watu watakwambia 35mm inaharibu uso. Lenzi haiharibu uso, umbali ndio unaouharibu. Ukimsogelea mtu kwa nusu mita, pua yake iko karibu na wewe kuliko masikio kwa kadiri inayoonekana, basi pua inakua na masikio yanajificha. Simama mita mbili na lenzi yoyote uitakayo, uwiano wa pua na masikio ni ule ule. Kinachobadilika ni kiasi cha ukuta kinachoingia.

MzeeKivuli

Ndugu Nuru, hesabu zako ni sahihi na maneno yako kuhusu umbali ningependa yaandikwe ukutani. Tatizo la 35mm ni kwamba mtu akitaka sura ijaze fremu, miguu yake inamsogeza bila yeye kujua. Anaanza mita mbili, anamaliza sentimita sabini, na pua imekwisha kukua. 50mm inamzuia, inamweka mbali kwa adabu.

Lakini hatuna haja ya kubishana, kwa sababu binti ameshatujibu mwenyewe. Amesema karibu picha zote anavuta mpaka 55mm. Ana zumu mkononi, angeweza kubaki 35mm wakati wowote, na hakubaki. Kwa mtu yeyote anayesoma hapa akiwa na swali kama lake: soma taarifa za picha zako za mwezi mzima, uone zumu yako inalala wapi. Ikilala 35, nunua 35. Ikiwa kila siku umeivuta mpaka mwisho na bado unatamani ingeendelea, hapo ndipo 85mm inapopata maana, mradi una nafasi ya kurudi nyuma.

KioskiChaPicha

Samahani kuingilia, mimi natumia Canon na naona mazungumzo yote ni Nikon. Haya yananihusu pia?

Fokasi_Kwanza

Yanakuhusu. Kama una Canon yenye kioo ndani (DSLR) na sensa ndogo, EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ndiyo ndugu yake, gramu 160 tu. Zidisha kwa 1.6, inakuwa kama 80mm kwenye sensa kubwa. Ile iliyoitangulia, EF 50mm f/1.8 II, ina mkelele na shingo ya plastiki, lakini inajifokasi kwenye kamera zote za EOS za kioo, kwa hiyo Canon hamna kile kisa cha mota alichokieleza LenziZaKale. Kwa kamera mpya za RF, zisizo na kioo hicho, kuna RF 50mm f/1.8 STM. Sony wana FE 50mm f/1.8. Wenye Olympus na Panasonic za Micro Four Thirds wana 45mm f/1.8 ya Olympus, gramu 116, nayo ni tamu mno kwa sura.

BintiSeremala

Shikamoo MzeeKivuli. Nimefanya picha zote nne, na nyingine za ziada.

Kwanza zile ishirini za zamani. Nilikuza jiliwa kama ulivyoniambia. Wakuu, jiliwa ni kali! Naona mikwaruzo ya tupa kwenye taya zake, naona kutu kwenye skrubu. Sentimita kumi juu yake uso wa baba ni laini kama umefutwa na kitambaa. Nilikuwa nimezitazama picha hizi karibu mwaka mzima na sikuwahi kuangalia jiliwa.

Ubao juu ya stuli: maandishi yote yanasomeka, hata pale penseli iliporuka. Ubao huo huo kamera ikiwa mkononi: karibu sawasawa. Baba akiwa amekaa kimya, 1/50: afadhali sana, kope zipo kwenye picha tatu kati ya saba. Baba akipiga randa, 1/200: ISO ilipanda hadi 12800, macho yana ncha kwa mara ya kwanza, lakini chenga za ISO kubwa zimejaa na ndevu zimeliwa na chenga hizo. Nilijaribu kuziondoa kwenye kompyuta, ngozi ikageuka kama ya mwanasesere. Nikarudisha zilivyokuwa.

Kwa hiyo nimeelewa ugonjwa wangu ni ule wa pili. Naomba mnisaidie hesabu: nikiwa na 50mm, hiyo ISO 12800 inashuka mpaka wapi?

MzeeKivuli

Marahaba, mwanangu. Hiyo ya jiliwa imenifurahisha kuliko unavyojua.

Hesabu ni hii. Mwanga ule ule, shata ile ile ya 1/200. Kwa f/5.6 unahitaji ISO 12800. Kwa f/2.8 unahitaji robo yake, 3200, yaani ISO ile ile uliyoizoea lakini sasa baba amesimama. Kwa f/1.8 unahitaji kama 1300.

Utataka kuruka moja kwa moja kwenye f/1.8, kila mtu hufanya hivyo. Hapa kuna bei nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Kwa 50mm kwenye sensa yako, ukisimama mita moja na nusu, f/1.8 inakupa kina cha fokasi cha sentimita sita hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Lenzi yako ya sasa kwa 55mm na f/5.6 inakupa kama kumi na sita. Sentimita sita, na baba anainama na kuinuka. Jicho la karibu likiwa kali, la mbali linaweza kuwa limeshatoka. Kwa f/2.8 unapata tisa au kumi, na uso wa mtu aliyegeuka kidogo unaingia humo. Isitoshe, praimu hizi za bei nafuu zenyewe huwa kali zaidi zikifungwa kidogo, yaani tundu likipunguzwa. Kwa f/1.8 kuna utepetevu fulani na rangi za zambarau au kijani kwenye kingo zinazong'aa, kama chuma kinachomulikwa na dirisha. Kwa f/2.8 nyingi ya hizo zinaondoka.

Nakuambia hili kwa uchungu. Nilipopata lenzi yangu ya kwanza ya f/1.8 nilimpiga bibi mmoja amempakata kitukuu chake. Mwanga ulikuwa mzuri, wametulia, nikafungua lenzi yote. Niliweka fokasi kwa mtoto. Picha ilipotoka, mtoto alikuwa mkali hadi kucha, na bibi aliyekuwa nyuma yake kwa kiganja kimoja alikuwa ukungu. Familia waliichukua, wakanishukuru. Bibi yule sikupata nafasi ya kumpiga tena. Ningefunga mpaka f/4 ningekuwa nao wote wawili, na mwanga ulitosha.

Kwa hiyo: mtu mmoja, anza f/2.8. Wawili, f/4 au zaidi, na uwapange vichwa vyao viwe umbali mmoja. f/1.8 iweke kwa ajili ya jioni, mwanga ukiisha kabisa.

Sasa kuhusu kamera yako. D3500 ina nukta 11 za fokasi, na ya katikati ndiyo yenye nguvu kwa sababu inasoma mistari ya wima na ya mlalo. Usiache kamera ijichagulie nukta, itachagua pua au ubao kwa sababu viko mbele. Chagua moja mwenyewe, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Usizoee kufokasi kwa nukta ya katikati halafu ukazungusha kamera kupanga picha, kwa f/5.6 utasamehewa, kwa f/1.8 ule mzunguko peke yake unaweza kuitoa fokasi jichoni. Kamera ikiwa wima, nukta ya pembeni inaangukia karibu na uso. Mwanga ukiwa hafifu na nukta hiyo ikahangaika, rudi katikati, uache nafasi pembeni, ukate picha baadaye. Una megapikseli 24, zinatosha kukatwa.

Na kuna jambo ambalo halina hela kabisa. Mtazame baba anavyofanya kazi kabla ya kuinua kamera. Randa ikifika mwisho wa ubao, kabla hajairudisha, mwili wote unasimama kitambo kidogo. Hapo ndipo pa kubonyeza. Tena kuna wakati seremala anainua ubao, anafumba jicho moja, anatazama urefu wa ukingo kuona kama umenyooka. Hapo hapumui hata kidogo. Ukimpata hapo, hata 1/100 itatosha.

Nuru_ya_Upande

Nami naongeza la bure: dirisha. Mwambie mzee umsaidie kusogeza meza. Akiwa mita mbili kutoka dirishani na ukamleta mita moja, mwanga usoni unaongezeka sana. Kama dirisha ni dogo unakaribia mara nne, sawa na kutoka f/5.6 hadi f/2.8 bila kununua chochote. Tena mwanga wa pembeni unaopita juu ya ngozi ndio unaotoa mistari na mvi. Ukali tunaouona kwa macho nusu yake ni vivuli vidogo vidogo. Uso uliopigwa na fleshi ya mbele unaweza kuwa na fokasi kamili na bado ukaonekana bapa.

LenziZaKale

Ukienda kununua iliyotumika, usiogope, praimu hizi hazina mengi ya kuharibika. Mulika tochi kutoka nyuma uangalie kama kuna utando wa kuvu, unaonekana kama nyuzi za buibui. Vumbi kidogo si kitu. Angalia visu vya tundu vikavu, visiwe na mafuta yanayong'aa. Pete ya mbele isiwe na alama ya kuangushwa. Funga kwenye kamera yako mwenyewe, fokasi karibu, fokasi mbali, mara kumi. Kisha piga ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa ukutani kwa f/2.8, ukiwa umenyooka nalo, ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Moja ikiwa laini sana kuliko mwenzake, kioo kimehama ndani. Iache.

Jambo la pili, na D3500 ni muhimu: kamera hii haina sehemu ya kurekebisha fokasi ya lenzi. Kwa hiyo piga kitu kile kile mara mbili kwa f/1.8, mara moja ukichungulia kwenye kitundu, mara moja ukitumia skrini ya nyuma. Ile ya skrini inafokasi kwa kusoma sensa yenyewe, ni ya polepole lakini haidanganywi. Ikiwa ya skrini ni kali na ya kitundu ni laini kila mara, hiyo lenzi na hiyo kamera hazijaelewana. Tafuta lenzi nyingine, usijipe matumaini.

KioskiChaPicha

Nimesoma vyote. Nina swali moja: kwa nini msimshauri f/1.4 kabisa?

MzeeKivuli

Kwa sababu kutoka f/1.8 hadi f/1.4 unaongeza theluthi mbili tu za kituo kimoja cha mwanga (kituo kizima ni mwanga kuongezeka mara mbili), kwa uzito zaidi na hela nyingi zaidi, na kisha nitamwambia aifunge mpaka f/2.8.

BintiSeremala

Wiki tatu zimepita, samahanini kwa ukimya. Nimepata 50mm f/1.8G iliyotumika. Nilikwenda na tochi na gazeti. Ya kwanza niliyoonyeshwa kona ya kulia ilikuwa laini, nikaiacha, na mwenye nayo hakupenda. Ya pili ilikuwa safi, kitundu na skrini vinakubaliana.

Siku ya kwanza sikumsikiliza MzeeKivuli, nilipiga yote kwa f/1.8. Picha arobaini, zenye jicho kali kumi na moja. Nyingine zina nyusi kali, miwani kali, penseli kali. Siku ya pili nikafunga f/2.8, shata 1/200, nukta moja, na tulikuwa tumeshasogeza meza karibu na dirisha. ISO ilicheza kati ya 1000 na 1600. Zaidi ya nusu ya picha zina macho.

Lakini picha niliyotaka kuwaambia ni moja. Baba aliinua ubao wa kabati, akafumba jicho la kushoto, akatazama ukingo. Nilikuwa nangoja wakati huo tangu asubuhi. Jicho lililo wazi lina kila kitu: dirisha linaonekana ndani yake, kope naweza kuzihesabu, na kwenye kope ya tatu kuna chembe ya vumbi la mbao. Nilimwonyesha kwenye kompyuta, nikamkuzia. Alivua miwani, akasogea karibu na skrini, akainua kidole akajifuta jicho.

Swali langu la mwisho: aliyeniuzia amenipa na kichujio cha UV cha 58mm kikiwa kimefungwa mbele. Nikiache?

LenziZaKale

Kivue. Dirisha liko pembeni yako na kioo cha ziada cha bei rahisi kitaleta mng'ao juu ya weusi wote. Vaa kofia ya lenzi, HB-47, ndiyo inayoendana na hiyo. Inakinga mwanga wa pembeni, na lenzi ikigonga meza inagonga kofia kwanza.

MzeeKivuli

Picha hiyo ya ukingo ichapishe, binti. Kubwa. Usiiache kwenye kompyuta.